Saa Nane za Mwanza: Msizimalize Kwenye Simu!

Ndege ya asubuhi kutoka Dar imewashusha Mwanza, meli ya Bukoba inang'oa nanga usiku. Au mmetoka Serengeti kwa lango la Ndabaka na ndege yenu ya kurudi ni ya jioni. Hapo katikati kuna saa kama nane hivi zisizo na mwenyewe. Wapenzi kibao nimewaona wakizimaliza kwenye kochi la mapokezi ya hoteli, kila mtu na simu yake, chaja moja wanaigombea. Jamani! Mko kwenye jiji la pili kwa ukubwa nchini, ziwa liko mlangoni, halafu mnaangalia picha za matembezi ya watu wengine?

Mimi na mume wangu tuna sheria yetu ya safari. Tukikwama mahali kwa saa chache, kila mmoja anachagua kitu kimoja tu, na mwenzake anafuata bila kununa. Orodha ndefu ndiyo inayoleta ugomvi, niamini mimi.

Kwanza acheni mizigo mapokezi, kisha mtafute teksi ya nusu siku na mwelewane bei kabla ya kufungua mlango. Jiwe la Bismarck, lililopewa jina la yule Kansela wa Ujerumani, liko pale karibu na kivuko cha Kamanga na dakika kumi zinalitosha. Lisubirini jua linapozama, mchana ni jiwe tu. Kisiwa cha Saanane ni kingine. Wala jina si la saa, ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa na makazi yake hapo. Bustani ya wanyama ilianzishwa mwaka 1964, na mwaka 2013 kisiwa kikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote nchini. Boti kutoka mjini ni dakika chache, mkifika mnapanda mawe pamoja na pimbi na mijusi ya rangi mbili. Kwa wenye mapenzi mapya ni bomba. Ila kuogelea ziwani hapana: kuna mamba, na kuna kichocho.

Mimi safari hii nilichagua Bujora. Ni huko Kisesa, kama kilomita 20 kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada aliyependa ngoma za watu aliokuja kuwahubiria. Kuna jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, kuna ngoma za watemi, na hata kanisa limepambwa Kisukuma. Mkiingia salimieni "mwangaluka", mkitoka semeni "wabeja", mtaona watu wanavyochangamka.

Kilichonikaa kichwani ni habari ya Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma vinavyotokana na waganga wawili wapinzani, Ngika na Gumha. Wanacheza muda uleule, uwanja uleule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hakuna majaji wala kura za simu! Mkipita mwezi wa sita wakati wa sikukuu ya Bulabo mtawakuta kazini.

Siku nzima mume wangu alikuwa hajachagua chake. Nilidhani atasema sato na bia ya baridi, kama kawaida yake. Tulipokuwa tunarudi mjini akamgusa dereva begani: "Kaka, tusimamie Igoma."

Igoma ndiko yaliko makaburi na mnara wa MV Bukoba. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, imejaza watu kupita uwezo wake, na ilikuwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza. Mamia walikufa. Wengi wamezikwa pale bila kutambuliwa.

Nilijua kwamba alimpoteza mama yake mdogo kwenye meli ile. Nilichokuwa sijui ni kwamba mwili wake haukupatikana, na kwamba hakuna mtu wa familia aliyewahi kukanyaga Igoma. Yeye alikuwa darasa la pili. Ma-mdogo alikuwa anakuja Mwanza kununua vitenge vya biashara na alimwahidi viatu vya shule. Miaka yote tuliyokaa pamoja hakunigusia viatu hivyo. Alisimama muda mrefu, mikono mfukoni. Mimi sikusema kitu. Dereva naye, Mungu ambariki, alizima redio.

Na sisi usiku ule tulikuwa tunakwenda ukweni Bukoba kwa meli! Kwenye gari nikamwambia tunaweza kubadilisha, tulale Mwanza, kesho twende kwa barabara. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lipo, kilomita tatu juu ya maji, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Akafikiria mpaka tukaingia mjini.

"Hapana, tupande meli," akasema. "Ila usilale kabla yangu."

Tulipata sato wa kukaanga na ugali, tukala kwa mikono bila haraka, na kwa mara ya kwanza akanisimulia Ma-mdogo alivyokuwa anacheka. Dagaa wa zawadi tulinunua Mwaloni, Kirumba, ingawa kuwapelekea watu wa Bukoba dagaa ni utani kidogo. (Mama mkwe alituchekea wiki nzima.)

Meli ilipoondoka tulikaa nje mpaka taa za vilimani zikapotea. Ulizeni ratiba bandarini mapema kwa sababu meli haziondoki kila siku, na mbebe sweta mbili. Moja haitoshi wawili, tulijaribu.