Jiwe nalo lina arobaini yake

Wa kwanza kugundua alikuwa mama mboga anayeuza chini ya ngazi zetu. "Baba, huko juu mmeozesha nini?" aliniuliza, macho yakiwa kwenye sukuma wiki aliyokuwa akiikata. Nikamwambia ni mawe. Kisu kikasimama. Akaniangalia, akacheka, akaendelea kukata. Mawe yaoze?

Yalikuwa yameoza kweli. Kwenye roshani yangu hapa Hamza, Makadara ya Nairobi, ghorofa ya tatu, kulikuwa na pipa la buluu la lita 100, na ndani yake kilo 12 za mawe ya matumbawe niliyoyanunua kwa mtu wa Buruburu aliyekuwa akivunja tangi lake la samaki wa maji ya chumvi ili ahame. Kutoka kwake hadi kwangu si mbali, lakini nilipitia kazini kwanza. Mawe yakashinda ndani ya ndoo, yamefunikwa magazeti yaliyoloweshwa. Jioni nikayatumbukiza moja kwa moja kwenye tangi lililokuwa na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Siku ya tatu niliwaokota wakielea. Hapo ndipo nikatafuta pipa.

Mawe haya huitwa jiwe hai, jina la kupoteza watu. Jiwe lenyewe ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, chokaa tupu yenye vishimo kila upande. Walio hai ni wapangaji. Lichukue kama ploti yoyote ya Eastlands: nje kuna mwani wa zambarau uliotambaa kama rangi iliyomwagika, kwenye vichochoro kuna sifongo, minyoo, konokono na kaa wa ukubwa wa punje ya mchele. Bakteria ndio wengi kuliko wote. Wanaokaa vyumba vya nje hugeuza amonia inayotokana na taka za samaki iwe naitraiti, kisha naitreti. Wale wa vyumba vya ndani kabisa, ambako oksijeni haifiki, huichukua hiyo naitreti wakaitoa kama gesi ya naitrojeni inayopotelea hewani. Ndiyo maana Lee Chin Eng wa Jakarta, alipoandika mwaka 1961 kuhusu matangi yake, aliweza kueleza namna ya kufuga viumbe wa bahari kwa mawe ya aina hii na mapovu machache ya hewa, bila mitambo mikubwa ya kuchuja maji.

Shida huanza ploti ikihamishwa. Sifongo havumilii kutolewa majini. Akifa huwa ute mweupe unaonuka yai viza, harufu ya kulishinda hata soko la nyama la Burma siku ya jua kali. Mizoga hiyo ikioza hutoa amonia, na kwenye maji ya bahari, yenye pH ya karibu 8.2, amonia huuma zaidi kuliko kwenye maji baridi ya mtoni. Ndani ya pipa haina samaki wa kumuua. Kwa hiyo jiwe huwekwa pembeni, kama mzazi, limalize arobaini yake. Mengine humaliza kwa wiki mbili, mengine sita. Yangu yalitaka zote sita.

Kazi yenyewe ni ya mikono. Unalichukua jiwe, unalishika juu ya beseni la maji ya chumvi (ya mfereji yangewaua hata wapangaji wazima), unasugua kwa mswaki wa zamani kila panapoteleza. Kinachong'oka kwa urahisi kilishakufa. Kilichong'ang'ania kiache. Vaa glovu, kwa maana kuna mnyoo mwenye nywele kali, ukimgusa vidole vinawasha hadi kesho yake. Kisha jiwe linarudi pipani, gizani ili mwani wa kijani usipate mwanya, na pampu ikisukuma maji usiku na mchana.

Lakini maji ya bahari Hamza yanatoka wapi? Mombasa nao wana Makadara yao, na mtu wa kule anaweza kuteremka baharini kwa miguu. Makadara yetu iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na karibu kilomita 480 kwa barabara. Tunakoroga wenyewe. Mtungi wa lita 20 unataka kama gramu 700 za chumvi maalumu, baada ya klorini ya mfereji kuondolewa kwa dawa. Usijaribu chumvi ya jikoni. Hata ile inayovunwa Gongoni, iliyotoka baharini hasa, hairudi kuwa bahari: maji yanapokaushwa juani, kalsiamu hutangulia kuganda peke yake, nayo magnesiamu hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa. Halafu kuna Julai. Usiku wa nyuzi 12 na pipa linataka 25. Stima ikipotea hita inalala, pampu inalala, na mimi nakaa macho nikikoroga kwa mwiko.

Kama ningeanza upya, nisingenunua jiwe hai la kujaza tangi zima. Ningeanza na jiwe kavu. Ndani ya hifadhi kama za Malindi, Watamu na Kisite huruhusiwi kuokota hata kombe, na joto la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi ya Pwani yetu. Sioni sababu ya mtu wa Nairobi kuyaongezea msiba. Matumbawe ya kale yamejaa nchi kavu. Machimbo ya Bamburi, ambako saruji ilianza kutengenezwa mwaka 1954, ni miamba ya namna hiyo hiyo. Ukipewa jiwe usilolijua, likamulie ndimu. La matumbawe litachemka povu. Nililijaribu la Ndarugo lililobaki kwenye ujenzi wa jirani, likanitazama tu; lile ni la volkano. Jiwe kavu ulioshe, uliloweke, ulitie pipani pamoja na kipande kimoja cha jiwe hai, na wapangaji watahamia polepole. Zambarau itachukua miezi. Nani anakukimbiza?

Wiki ya sita kipimo cha amonia kilibaki njano, rangi ya sifuri. Naitraiti nayo ikawa sifuri siku nne mfululizo. Usiku nikamulika kwa tochi, nikamwona konokono mmoja akipanda ukuta wa pipa.

Mama mboga alipanda mwenyewe Jumamosi kudai pesa zake za nyanya. Akainama juu ya pipa, akavuta pumzi.

"Sasa inanuka Mombasa," akasema, akanyoosha mkono nimlipe.

Samaki bado sijanunua.