Saa ya Kocha na Umri wa Mwili: Sayansi ya Kusaka Wanariadha Chipukizi Soin

Msaka vipaji anayesimama kando ya uwanja wa shule huko Soin, ukanda wa joto na miwa unaoteremka kutoka milima ya chai ya Kericho kuelekea uwanda wa Kano, hukabiliwa na swali lilelile linalomsumbua mwenzake wa Kanada anayemtazama beki kijana wa hoki ya barafuni: je, ubora unaoonekana leo ni wa kipaji chenyewe, au ni wa mwili uliotangulia kukomaa?

Jibu la kisayansi lilianza kupatikana katika hoki yenyewe. Mwaka 1985 mwanasaikolojia Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba katika ligi kuu za vijana za Kanada waliozaliwa kati ya Januari na Machi walikuwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa kuelekea Desemba walikuwa wachache mno. Chanzo kilikuwa kalenda ya usajili, kwani watoto walipangwa kwa umri kuanzia tarehe 1 Januari, kwa hiyo wa mwanzo wa mwaka humzidi mwenzake wa Desemba kwa karibu miezi 11 ya kukua, akaonekana mwenye nguvu zaidi, akachaguliwa, akapewa kocha mzuri na mechi nyingi, hata pengo la umri likageuka kuwa pengo la ujuzi.

Kosa hilo huendelea hadi kwenye drafti, yaani utaratibu ambao timu za ligi ya NHL ya Amerika Kaskazini huchagua kwa zamu vijana wa kuanzia takriban miaka 18. Robert Deaner na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013 kuhusu Wakanada waliochaguliwa kati ya 1980 na 2007, waligundua kwamba waliozaliwa katika nusu ya pili ya mwaka walikuwa asilimia 34 tu ya waliochaguliwa, lakini walicheza asilimia 42 ya mechi zote, ilhali wa Januari hadi Machi, waliokuwa asilimia 36, walicheza asilimia 28. Kwa beki hatari ya kukosea ni kubwa, kwa sababu kazi yake ya kusoma mchezo na kuziba njia kabla shambulizi halijafika huiva polepole. Duncan Keith, mzaliwa wa Julai 1983, alichaguliwa wa 54 mwaka 2002, kisha akatwaa tuzo ya beki bora wa ligi mwaka 2010 na tena 2014.

Riadha ya vijana hufuata kalenda ya namna hiyohiyo, kwa kuwa daraja la chini ya miaka 20 huhesabiwa kwa umri ambao mkimbiaji atakuwa nao tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Hata hivyo, tarehe ya kuzaliwa ni nusu tu ya habari. Kasi ya kurefuka hufikia kilele wastani wa miaka 12 kwa wasichana na 14 kwa wavulana, lakini wavulana wawili waliozaliwa wiki moja wanaweza kutofautiana kwa miaka kadhaa ya ukomavu wa mifupa. Mvulana aliyebalehe mapema huwa na moyo mkubwa zaidi, misuli zaidi na himoglobini nyingi zaidi, ambayo ni protini ya damu inayobeba oksijeni, na hivyo huwaacha wenzake katika mita 1500 bila kuwashinda kwa kipaji. Kwa msichana mambo huenda kinyume, kwani kubalehe humwongezea mafuta mwilini na upana wa nyonga, na muda wake unaweza kudumaa kwa msimu mmoja au miwili. Kumwacha wakati huo kwa madai kwamba amekwisha ni dhuluma inayotokana na kutojua.

Umri wa mwili unaweza kukadiriwa kwa vifaa vya kawaida. Mtoto huvua viatu na kusimama kisigino kikigusa ukuta, kimo kikaandikwa. Kisha huketi juu ya benchi lenye urefu unaojulikana, mgongo ukiwa umenyooka, kikapimwa kimo cha kuketi, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ikatoa urefu wa miguu. Robert Mirwald na wenzake walitunga mwaka 2002 kanuni inayotumia vipimo hivyo pamoja na uzito na umri ili kukadiria ni muda gani umebaki kabla ya kilele cha kurefuka, au umepita tangu hapo. Kanuni hiyo ilijengwa kwa watoto wa Kanada na Ubelgiji, na mtoto wa Kipsigis, jamii ya wenyeji wa Kericho, mwenye miguu mirefu kwa kiwiliwili kifupi anaweza kuonekana mchanga kuliko alivyo. Kwa sababu hiyo, kupima kimo kila baada ya miezi mitatu na kutazama kasi ya ongezeko kuna thamani kubwa zaidi kuliko hesabu moja ya siku moja.

Vipimo vya jeni havisaidii, kwa maana jeni ya ACTN3, inayohusishwa na misuli ya kasi, haikuonyesha uhusiano na mafanikio ya wakimbiaji wa masafa marefu wa Kenya. Mwinuko nao lazima uhesabiwe, kwani katika mita 2000 za mashamba ya chai shinikizo la hewa ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani, hivyo muda uliopatikana huko juu haulinganishwi moja kwa moja na wa Soin, ambako hewa ni nzito zaidi lakini joto ni kali.

Wilson Kiprugut Chuma, mzaliwa wa Kericho wa mwaka 1938, aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, ya shaba, katika mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964, na fedha Mexico City mwaka 1968, akiwa amefikia umri ambao hakuna orodha ya chipukizi ambayo ingehifadhi jina lake. Walimu wa michezo wa Soin na maeneo jirani ya Sigowet na Bomet, basi, waandike kando ya kila muda tarehe ya kuzaliwa, kimo cha kusimama na cha kuketi, na orodha ya walioshika nafasi ya nne hadi ya kumi isitupwe kabla ya miaka mitatu kupita.