Maji ya Moto katika Nyumba Finyu za Nairobi

Katika mji wa Nairobi, uliosimama kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako maji ya bomba la asubuhi kati ya Juni na Agosti humfanya hata mtu shujaa asite mlangoni pa bafu, chombo cha kupashia maji moto si anasa tena bali ni mojawapo ya mambo ambayo mpangaji huyauliza kabla ya kuulizia kodi.

Kinachotamalaki soko hili ni shawa ya papo hapo, kichwa cha plastiki chenye koili ndani yake, ambacho wateja wengi hukijua kwa jina la Lorenzetti, kampuni ya São Paulo nchini Brazil. Sababu ya enzi yake ni dhahiri: ndani ya bedsita ambamo choo, sinki na bomba la kuogea vimebanana hata mlango haufunguki wote, hapana ukuta wa kutundikia tangi la kupashia maji.

Wengi hukituhumu kichwa hiki kuwa mlafi wa umeme, walakini insafu yataka tuhesabu. Shawa ya kilowati 5.5 ikitumika dakika sita hula kiasi cha nusu uniti na ushei. Tangi la lita 50, kulipasha kutoka nyuzi 20 hadi 60, hutaka uniti 2.3, na joto lisilotumika huvuja polepole hata kama hakuna aogaye. Kwa mtu mmoja au wawili, basi, shawa ni aula. Aila kubwa yenye vyombo vya kuosha itafaidika na tangi, kwa kuwa lita zake 50 zikichanganywa na maji baridi huwa lita 100 za kuogea. Ila likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 60, na si kila ukuta wa matofali yenye uwazi unaweza kuubeba.

Aibu ya biashara hii haimo katika chombo, imo katika waya. Shawa hiyo ya kilowati 5.5, kwa volti 240, huvuta takriban ampea 23, nayo yastahiki njia yake peke yake kutoka kisanduku cha swichi, waya wa milimita za mraba 4 au, bora zaidi, 6, pamoja na erthi ya kweli. Ilhali mjenzi mwenye kubana matumizi huiunga katika waya mwembamba wa taa, na baada ya miezi utaiona swichi imepata kovu la hudhurungi na plastiki yake imevimba. Mwenye nyumba huokoa fedha mara moja. Mpangaji huinunua hatari hiyo kila siku pamoja na uniti zake. Tena, penye maji ya kisima yenye chumvi, koili ya kawaida hushika ukoko ikaungua, na fundi mwaminifu atakushauri ununue aina iliyotengenezwa kwa maji hayo.

Je, jua? Kanuni zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2012 ziliagiza majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawekewe mitambo ya jua. Nia ilikuwa njema, lakini paa la ghorofa yenye nyumba nyingi ni dogo, na bomba la mita 20 kutoka huko juu laweza kuwa na lita sita za maji yaliyopoa, ambazo mpangaji huzimwaga kabla ya yale ya moto kumfikia, katika mji wenye mgawo wa maji! Hita ya gesi nayo haifai kabisa katika bafu lisilo na dirisha, kwani hewa yake ya sumu huua bila harufu.

Kwa hiyo anayetafuta nyumba asione haya kumwomba msimamizi amfungulie kisanduku cha swichi, auone waya wa shawa kwa macho yake, kabla hajatoa amana.