Zahanati ya bure kwa wakimbizi: Funzo kutoka Karema hadi Kagunga

JINA la Dk. Atiman si geni kwa mkazi wa Sumbawanga. Wengi hulitaja kila wanapompeleka mgonjwa katika hospitali ya Kanisa Katoliki iliyopewa jina hilo mjini humo. Wachache, hata hivyo, wanafahamu kwamba mwenye jina hilo alikuwa yeye mwenyewe mtu aliyeng'olewa kwao kwa nguvu, akaja kuwatibu watu waliong'olewa kwao vilevile.

Adrian Atiman alizaliwa miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa sasa Mali. Akiwa mtoto alitekwa, akauzwa utumwani na kuvushwa Jangwa la Sahara hadi Algeria, ambako Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walimkomboa. Walimsomesha utabibu katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 aliwasili Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa, na huko alidumu hadi alipofariki dunia mwaka 1956.

Karema ya wakati huo, ambayo ilihesabiwa katika Mkoa wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoanzishwa mwaka 2012, ilikuwa kimbilio. Ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 ilikabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885, na kando yake walikusanyika watumwa waliokombolewa, yatima na watu waliokimbia uvamizi wa wafanyabiashara ya utumwa. Kwa lugha ya leo, hiyo ilikuwa zahanati ya wakimbizi katika eneo la vita.

Je, zahanati ya namna hiyo huendeshwaje?

Kuhesabu kabla ya kutibu

Msomaji wa mjini huenda akadhani kwamba kinachotakiwa ni hema, daktari na shehena ya dawa. Ukweli ni kwamba, watu wanapokimbia kwa wingi, kinachowaua zaidi kambini kwa kawaida si risasi. Ni kuhara, surua, malaria, magonjwa ya kupumua na utapiamlo, na waathirika wakubwa ni watoto walio chini ya miaka mitano.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kuhesabu. Wamefika wangapi? Watoto ni wangapi? Wanafariki wangapi kwa siku? Kwa viwango vya kimataifa, kifo kimoja kwa siku katika kila watu 10,000 ni ishara ya hali ya dharura.

Kazi ya pili ni maji na vyoo. Kila mtu anapaswa kupata walau lita 15 za maji kwa siku, na choo kimoja kisitumiwe na watu zaidi ya 20. Tabibu anayetibu kuhara huku wagonjwa wake wakirudi kunywa maji yale yale machafu anateka maji kwa pakacha.

Kazi ya tatu ni chanjo ya surua, ambayo katika dharura hutolewa kwa watoto kuanzia miezi sita hadi miaka 15. Sambamba na hiyo, mzunguko wa mkono wa kila mtoto mdogo hupimwa kwa utepe. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano ambaye mkono wake haufikii milimita 115 ana utapiamlo mkali, na huanzishiwa chakula cha tiba bila kusubiri.

Dawa nazo huja kwa mpango. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeandaa shehena maalumu ya dharura inayokusudiwa kuwatosheleza watu 10,000 kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ikiisha, zahanati isiyo na njia ya kuaminika ya kupata dawa hubaki na foleni tupu.

Kilichotokea Kagunga

Umuhimu wa utaratibu huo ulionekana mwezi Mei 2015 katika kijiji cha Kagunga, mkoani Kigoma. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini mwao walijikuta wamebanwa kati ya milima na ziwa, bila maji salama wala vyoo vya kutosha. Njia kuu ya kuwatoa ilikuwa ya majini. Meli kongwe ya MV Liemba ilichukua takriban watu 600 kwa safari moja kwenda Kigoma.

Kipindupindu kililipuka. Hadi kufikia mwishoni mwa Mei, kwa mujibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), wagonjwa walikuwa wamefikia 3,000 na watu 31 walikuwa wamepoteza maisha.

Miongoni mwa waliofariki walikuwamo Watanzania wawili. Idadi hiyo ni ndogo, lakini inaeleza jambo kubwa: ugonjwa hauulizi kitambulisho.

Mwenyeji naye ni mgonjwa

Hapo ndipo penye mtihani mgumu kuliko yote. Tangu mwaka 1993, Mtanzania wa kawaida amekuwa akichangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali, isipokuwa makundi yaliyosamehewa, wakiwamo watoto wa chini ya miaka mitano na wajawazito. Mwanakijiji anapomwona mgeni akitibiwa bure, huku yeye akiuza debe la mahindi ili amtibu mama yake, chuki huzaliwa.

Ndiyo maana zahanati za wakimbizi zenye busara hufungua mlango pia kwa wenyeji. Huo si ukarimu mtupu. Mwenyeji asiyetibiwa hubaki na ugonjwa utakaorudi kambini, na mwenyeji mwenye kinyongo hawezi kuwa ngao ya mgeni wake.

Wahisani wakiondoka

Swali la mwisho ni nani atalipa baadaye. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi Katumba na Mishamo, wilayani Mpanda, wakati huo katika Mkoa wa Rukwa. Shirika la TCRS, likishirikiana na UNHCR, lilisaidia kujenga zahanati, shule na barabara. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 huduma hizo zilikuwa zimekabidhiwa kwa serikali, katika kipindi ambacho uchumi wa nchi ulikuwa umeyumba.

Wakazi hawakuondoka. Takriban 162,000 miongoni mwa wakazi wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, mkoani Tabora, walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Zahanati iliyojengwa kwa ajili ya mgeni imekuwa zahanati ya mwananchi, na mzigo wake ni wa halmashauri.

Funzo ni kwamba hema la dharura lisimikwe kwa kufikiria miaka 40 ijayo. Wauguzi wafunzwe kutoka miongoni mwa wakimbizi na wenyeji, majengo yawekwe pale ambapo kijiji kitayahitaji, na bajeti ya dawa ijulikane kabla mhisani hajafunga mizigo.

Atiman hakuwa na hema la kufunga. Alioa huko huko, akalea, akazeeka na akazikwa miongoni mwa wagonjwa wake.