Gugu Linalopima Usiku

Mtu wa Dar es Salaam au Bujumbura akihamia Minneapolis, Marekani, miaka miwili mitatu ya mwanzo huenda asihisi kitu. Kisha Agosti moja anaamka macho yanamwasha, pua inachuruzika, chafya hazihesabiki. Anameza dawa za mafua, wapi! Mwili wake umeshalijua gugu la huko, na umelikataa.

Gugu lenyewe ni ambrosia. Majani yake yamechanikachanika kama ya karoti, nalo huota kando ya barabara na kwenye viwanja vilivyotelekezwa. Vijiua vyake ni vya kijani, huwezi hata kuvitazama mara mbili, kwa hiyo lawama huangukia ua refu la njano linalochanua majira hayohayo. Linaonewa. Chavua ya ua hilo ni nzito, inanata, na hubebwa na wadudu. Ambrosia haina haja ya nyuki, ina upepo. Mche mmoja waweza kumwaga chembe bilioni moja kwa msimu, na zimewahi kunaswa mamia ya kilomita baharini.

Linajuaje wakati? Linapima usiku. Baada ya Juni 21 usiku wa kaskazini huanza kurefuka, na ukifikia kipimo chake gugu hutoa maua. Ndiyo maana chavua huanza kuruka kama katikati ya Agosti na kushamiri mapema Septemba, mwaka nenda mwaka rudi. Kinachoikomesha ni jalidi, na jalidi siku hizi inachelewa. Mwaka 2011 mtafiti Lewis Ziska na wenzake walionyesha kwamba kati ya 1995 na 2009 msimu wa Minneapolis ulirefuka kwa siku 16. Wa Saskatoon, Kanada, kwa siku 27.

Lakini adui mwenye ratiba huweza kuwahiwa. Dawa ya kupuliza puani huchukua siku kadhaa kushika, hivyo madaktari hushauri ianzwe wiki moja au mbili kabla ya msimu, pua ingali nzima. Nguo zianikwe ndani. Na tikiti au ndizi ikikuwasha mdomoni miezi hiyo, hujarogwa: protini zake zinafanana na za chavua, mwili unazichanganya.

Arusha wana ndugu wa gugu hili, gugu karoti, linalowasha ngozi za wakulima na kuwaziba pua. Hilo halisubiri usiku urefuke. Likipata mvua huota, na ndani ya mwezi mmoja au miwili limeshachanua, iwe Machi, iwe Novemba.