Miaka yake ni mingapi?



Mwenzetu mmoja aliamshwa usiku: mtoto wake yuko kasho kwa sababu ya simu ya mtu sokoni. Asubuhi tukamsindikiza. Simu aliichukua kweli, hatutaki kuficha. Lakini askari alimtazama mtoto toka kichwani mpaka miguuni, akaandika miaka 16.

"Shefu, ana 13 tu," mama akasema.

"Akte ya kuzaliwa iko wapi?"

Haikuwapo. Baba alikuwa amesema atakwenda kumwandikisha. Hakwenda. (Tunawajua.) Ndipo tukakimbia shuleni, rejista ya darasa la kwanza ikafunguliwa, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwamo. Kwa karatasi ya shule mtoto akafika mbele ya juji wa watoto na umri wake wa kweli. Akarudi nyumbani siku ya tatu. Simu tunailipa mpaka leo, kidogo kidogo.

Kati ya 13 na 16 kuna umbali mkubwa. Sheria ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, iliondoa dekreti ya wakoloni ya 1950. Inasema mtoto ambaye hajatimiza miaka 14 hahesabiwi kuwa na kosa: juji anamwachilia, anamweka mikononi mwa mfanyakazi wa jamii, na hasara ya mwenye mali inaangaliwa. Kuanzia 14 mpaka 18, juji anaweza kumkaripia na kumrudishia wazazi, kumpa familia yenye mwenendo mwema, au kumpeleka EGEE, yaani nyumba ya serikali ya kulinda na kulea watoto. Umri ukikosa uthibitisho, sheria inataka ahesabiwe mtoto. Lakini pale mezani kwa askari, mama asiyejua hayo anaambiwa tu angoje.

Na kungoja kuna hatari. Watoto wakichanganywa na wakubwa, mlango ukishafungwa hatuoni tena. Septemba 2020, katika gereza la Kasapa kule Lubumbashi, wafungwa waliteka gereza siku 3. Wanawake wengi waliokuwamo walibakwa, na msichana mmoja ambaye bado mtoto.

Ndiyo maana tunapodai serikali ijenge nyumba nzuri za kulea watoto, iweke walimu na ufundi humo, tunadai pia jambo dogo zaidi: umri uulizwe kwanza, na mzazi aitwe siku ileile.

Kwa upande wetu, kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 tangu azaliwe hakulipiwi. Wale waliochelewa, njooni na jina la mtoto, tarehe, mahali alipozaliwa na majina ya wazazi wote wawili. Tutakwenda pamoja komini kuuliza njia. Walio na watoto shuleni, ombeni karatasi yenye muhuri sasa, wakati hakuna anayelia.