Tela la tipa: pima uzito, usinunue kwa macho

Tela langu la kwanza nilinunua kwa macho. Nilifika kwa fundi wa kuchomelea nikaona bodi pana, mbavu ndefu, rangi imekolea, nikalipa. Trekta langu ni dogo, nguvu za farasi 28. Hesabu yangu ilikuwa moja tu: tela kubwa, tripu chache, dizeli kidogo.

Wiki ya pili dereva akatoka mtoni na mchanga uliolowa, bodi imejaa mpaka juu. Huku Iringa milima unaijua. Alivyoanza kushuka, tela likaanza kulisukuma trekta. Akakanyaga breki, matairi yakaburuzika, trekta likageuka ubavu na kusimama ukingoni mwa barabara. Alirudi kwa miguu, anatetemeka. "Mama, lile tela linanisukuma. Mimi silishiki tena."

Kumbe kosa lilikuwa langu. Jioni ile ndiyo nikapiga hesabu niliyotakiwa kupiga kabla ya kulipa. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina kama kilo 1,600. Ukilowa, inafika 1,900 na zaidi. Bodi yangu ilikuwa na urefu wa mita 2.5, upana 1.5, kina nusu mita. Zidisha: karibu mita za ujazo 1.9, yaani kama tani tatu na nusu za mchanga, bado chuma cha tela lenyewe. Trekta langu halifiki tani moja na nusu, na tela halikuwa na breki! Bodi hiyohiyo ukijaza mahindi yaliyopukuchuliwa haifiki hata tani moja na nusu. Kwa hiyo fundi akikwambia "hili linabeba tripu nzuri", muulize tripu ya nini.

Lile nikaliuza kwa hasara. La pili ni la mita moja ya ujazo na lina breki zake. Dereva anaingia gia ndogo kabla ya mteremko, siyo katikati, na frii ni marufuku. Pedali mbili za breki za trekta zinafungwa pamoja barabarani. Zikiachana, ukikanyaga moja trekta linavuta upande mmoja.

Jambo lingine wengi wanagundua wakishalipa: trekta dogo linaweza kuwa na mikono ya kunyanyulia jembe lakini nyuma halina mahali pa kuchomeka mpira wa jeki ya tela. Angalia kwanza. Na jeki inakunywa oili ya trekta, kwa hiyo pima oili bodi ikiwa chini. Ukiongeza bodi ikiwa juu, ikishuka oili yote inarudi na kumwagika. Kichwa cha mpira futa vumbi kabla ya kuchomeka, maana uchafu unaingia moja kwa moja kwenye mfumo.

Sasa faida iko wapi? Kwenye kupakua. Kupakia bado ni vijana na makoleo, hapo tipa haikusaidii kitu. Kwangu vijana wawili walikuwa wanamaliza karibu saa nzima kushusha mchanga, sasa ni dakika chache na trekta limeshageuza. Lakini kama biashara yako kubwa ni matofali ya kuchoma, bwana, nunua tela la kawaida ubaki na hela yako. Matofali ukiyabinua unamkabidhi mteja vipande.

Kubinua kwenyewe kunataka ardhi tambarare na ngumu. Tairi moja likizama bodi ikiwa juu, tela linalala ubavu. Udongo wa mfinyanzi uliolowa ndio mbaya zaidi, unaganda mbele huku nyuma kumeshamwagika. Shusha bodi, ukwangue kwa koleo. Usiruhusu dereva arukeruke na trekta ili ukatike. Na mtu asiingie chini ya bodi iliyonyanyuliwa, hata kuokota spana, mpaka chuma cha kuegemeza kiwe kimewekwa. Mpira ukipasuka, bodi inashuka yote.

Ukienda kununua, nenda na trekta lako. Mwambie muuzaji apakie mchanga, abinue mara tatu mbele yako, kisha aache bodi juu kwa dakika kumi muone kama inashuka yenyewe. Akigoma, ondoka na hela yako.